Nani amwamulie mbwa mzee wa Babu?

*North Buffalo, jimbo la New York: mlezi kutoka Uvira, mzee wa Kimarekani na binti yake anayeishi mbali wanabishana juu ya mbwa mmoja aliyekula chumvi nyingi. Aliye karibu naye zaidi ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza.*

Mbwa amesimama kwenye ngazi ya juu kabisa na hataki kushuka. Ni Labrador mweusi wa miaka 14, mvi zimempanda kutoka kidevuni hadi juu ya macho. Mguu wake wa nyuma wa kushoto unatetemeka. Mbele yake kuna ngazi nyembamba za mbao, kisha mlango wa nyuma, kisha ua uliofunikwa na theluji ya Februari. Amebanwa na mkojo, na kila aliyepo anajua.

Mlezi anachukua taulo la kuogea, analipitisha chini ya tumbo la mbwa na kushika ncha zote mbili kwa mkono mmoja, kama anayeinua kiroba cha viazi. Mkono wa pili unashika reli ya ngazi. Wanashuka. Hatua moja, wanapumzika. Hatua nyingine, wanapumzika tena. Kabla hawajafika katikati, mkojo unamtoka mbwa na kuchuruzika hadi kwenye kiatu cha mlezi. Mbwa anageuza uso ukutani.

"Si kitu, Baba," mlezi anamwambia kwa Kiswahili. "Si kitu."

Nyumba hii ni ya aina iliyojaa katika mitaa inayokatiza barabara ya Hertel: za mbao, mtindo mmoja, familia moja chini na nyingine juu, kila moja na kibaraza chake. Mwenye mbwa anaishi juu. Amevuka miaka 80, ni mjane, na tangu alipovunjika nyonga hatoki ila siku za hospitali. Mlezi anamwita Babu. Binti wa Babu, mtoto wake wa pekee, yuko Columbus, Ohio. Wameniruhusu kueleza kisa chao kwa sharti kwamba majina yao yasiandikwe, wala la mbwa.

Kazi isiyoandikwa kwenye mkataba

Buffalo imepokea Wakongomani, Warundi na Wasomali Wabantu kwa miaka mingi sasa. Wengi walianzia upande wa magharibi wa mji, karibu na Grant Street, na ukipita West Side Bazaar utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha makambi ya Kenya kwenye meza moja. Louisville na Columbus nazo zina hadithi hiyohiyo. Columbus ndiyo yenye jamii kubwa zaidi ya Wasomali nchini Marekani baada ya Minneapolis.

Watu hawa wanafanya kazi za viwandani, za maghala na za hotelini. Na wengi, hasa akina mama, wanalea wazee majumbani. Ukipanda basi namba 23 linalopita Hertel asubuhi na mapema, utawaona na mikoba yao, viatu vya theluji miguuni, na viatu vyepesi vya ndani kwenye mfuko wa plastiki.

Mlezi huyu alipopelekwa kwa Babu alipewa karatasi ya mpango wa huduma. Inataja kumwogesha mzee, kumvalisha, kupika, kumkumbusha dawa, kumsaidia kufika chooni. Mbwa hatajwi popote. Lakini mzee asiyeweza kushuka ngazi hawezi kumtoa mbwa nje, na mbwa asipotolewa sakafu inalowa, na sakafu ikilowa mzee anaweza kuteleza. Kwa njia hiyo mbwa akawa kazi yake bila mtu kumwambia.

> Mpango wa huduma unataja chakula, dawa na choo cha mzee. Mbwa hatajwi popote, ila sakafu ikilowa anayedeki anajulikana.

Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, kama ilivyo sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mbwa ni mlinzi. Analala nje, anakula mabaki, na akizeeka hupotea siku moja bila mtu kuuliza sana. Halmashauri nyingi za kwetu zimewahi kutumia risasi na sumu kupunguza mbwa wanaozurura, na hofu ya kichaa cha mbwa ni hofu ya kweli: sehemu kubwa kabisa ya watu wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani huwa wameng'atwa na mbwa.

Hata hivyo si haki kusema kwamba huruma kwa mnyama ni kitu tulichokikuta Marekani. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama tangu 1962, na Tanzania ilitunga yake ya ustawi wa wanyama mwaka 2008. Karen, Nairobi, kuna kituo cha KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho kila siku kinapokea mbwa waliogongwa na magari, waliotupwa na waliozeeka, na madaktari wa pale wanalijua vizuri sana swali linaloulizwa leo katika nyumba hii ya Buffalo. Tofauti ni kwamba huku mbwa amelala ndani, kwenye zulia, miaka 14, na picha yake iko ukutani pamoja na za wajukuu.

Maumivu yasiyopiga kelele

Babu ana hoja moja na anaishikilia: mbwa bado anakula. Asubuhi anakula, jioni anakula, na akipewa kipande cha kuku anatikisa mkia. Mbwa anayekula, asema Babu, bado anataka kuishi.

Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Mbwa wa aina ya Labrador anaweza kula huku nyonga zake zimeliwa na yabisi ya viungo kiasi kwamba mfupa unasugua mfupa. Maumivu ya muda mrefu hayamfanyi mbwa apige kelele. Yanamfanya aheme ilhali hakuna joto, alambe kifundo kimoja mpaka manyoya yanyonyoke, ainuke na kulala na kuinuka tena, akatae ngazi aliyoipanda maisha yake yote. Anayemwona nusu saa kwa siku, au kupitia kioo cha simu, haoni lolote kati ya hayo.

Kuna na jingine ambalo watu wengi hawalijui. Mbwa naye hupata ugonjwa wa kusahau, unaofanana na ule wa wazee wetu. Anaingia nyuma ya mlango na kushindwa kurudi kinyumenyume. Anakodolea macho ukuta. Anasahau adabu ya kukojoa nje. Usiku unageuka mchana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulikuta kwamba kati ya mbwa wa miaka 11 na 12, asilimia 28 walikuwa na angalau dalili moja ya kuchanganyikiwa. Kwa wa miaka 15 na 16 ilikuwa asilimia 68.

Mbwa wa Babu anayo yote mawili, nyonga na kusahau. Saa nane za usiku anaanza kuzunguka meza ya chakula, kucha zikigonga mbao, na anaweza kuzunguka hivyo hadi alfajiri. Babu anavua vifaa vyake vya kusikia anapolala, kwa hiyo hasikii. Mlezi, anayelala humohumo, anasikia.

Dawa zipo, na zimejaribiwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa mifugo wa Marekani wamekuwa wakiandika carprofen kwa viungo vya mbwa wazee. Inasaidia sana, lakini damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu ya ini na figo, na figo za mbwa huyu zilianza kuchoka mwaka jana. Mei 2023 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha sindano ya kila mwezi iitwayo Librela. Mbwa wengi waliinuka kwayo. Desemba 2024 mamlaka hiyohiyo ikawaandikia madaktari kuwatahadharisha kuhusu taarifa za baadhi ya mbwa waliopoteza mwelekeo wa kutembea, waliopata degedege, waliokojoa bila kujijua na hata waliokufa. Binti alisoma habari hiyo akaogopa, na sindano haikuchomwa.

Niseme hapa jambo moja kwa kila mlezi anayesoma: usimpe mbwa dawa ya maumivu ya binadamu. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo na kuziua figo zake, na Panadol nayo ina hatari ya kumharibia ini na damu. Nimesikia zaidi ya mlezi mmoja akisema alimpa kimoja "kwa huruma." Huruma hiyo imeua mbwa wengi.

Kila mtu na siku yake

Binti hana ubaya. Anampigia baba yake simu kila jioni, anamlipia umeme, na ndiye aliyemleta mbwa huyu nyumbani akiwa kitoto cha mbwa, mwaka ambao mama yake aligundulika kuwa na saratani. Kwake, mbwa ni kitu cha mwisho ambacho mama yake alikilea. Anataka wasubiri hadi majira ya kuchipua, theluji iyeyuke, aje kwa wiki nzima, waende naye Delaware Park akalale juani, ndipo waamue.

Ni ombi zuri. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kati ya Februari na majani mapya ya Buffalo kuna zaidi ya miezi miwili ya ngazi, chumvi inayomwagwa barabarani na kuchoma nyayo za mbwa, na usiku wa kuzunguka meza. Binti alikuwa akihesabu tarehe. Mbwa hana kalenda. Alicho nacho ni saa anayopitia.

Babu anaogopa jambo jingine, na lilimchukua muda mrefu kulitamka. Anaamini mbwa akiondoka, yeye atafuata. Si mimi nitakayemwambia anakosea. Watu wanaolea wazee wanajua jinsi mnyama anavyomfanya mzee aamke: kuna bakuli la kujaza, kuna jina la kuita. Babu anazungumza na mbwa huyu zaidi kuliko anavyozungumza na mtu yeyote.

Mlezi naye alikuwa na maoni tangu Desemba. Alinyamaza. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu kwa kunieleza maisha yake: ana watoto wanne, amebadilishiwa nyumba mara mbili na kampuni inayomwajiri, na mwenzake mmoja aliondolewa kazini baada ya familia kulalamika kwamba anajiingiza katika mambo yasiyomhusu. Kumwambia Mmarekani kwamba wakati wa mbwa wake umefika, akiwa mgeni, tena kwa Kiingereza cha kuokoteza, aliona ni kujitafutia balaa.

> Binti alikuwa akihesabu tarehe. Mbwa hana kalenda. Alicho nacho ni saa anayopitia.

Kuna walezi walio katika hali ngumu zaidi. Wasomali Wabantu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: kilichoguswa na mate hayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama mmoja anayefanya kazi mtaa huohuo alinieleza anavyotenga nguo za kazi na za sala, na glavu anazovaa kila anapomhudumia mbwa wa bibi anayemlea. Papo hapo akanikumbusha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi, na mbwa wa wale vijana wa pangoni anayetajwa katika Sura ya Kahf. Kwake hakuna mgongano: najisi ni sheria ya usafi, huruma ni sheria ya moyo. Kuhusu kumuua mnyama ili kumwondolea mateso, masheikh wanatofautiana, naye hataki kuwa mkono unaofanya hivyo. Kwa bahati, hapa sindano hiyo ni kazi ya daktari, na mlezi haombwi kuishika.

Mali ya nani, usingizi wa nani

Kisheria jibu ni fupi. New York inamhesabu mbwa kuwa mali. Mwenye mali ni Babu, akili zake timamu, na neno lake ndilo la mwisho. Mahakama ya Rufani ya jimbo, iliyo Albany, ilipata nafasi ya kuutikisa msingi huo mwaka 2022, ilipoombwa imtambue tembo wa bustani ya wanyama ya Bronx, aitwaye Happy, kuwa na haki ya kutofungiwa. Majaji watano walikataa, wawili wakakubali. Mnyama akabaki pale alipokuwa kisheria.

Mahakama hiyohiyo, miaka mitatu kabla, iliamua jambo linalomgusa mlezi moja kwa moja. Mwaka 2019 ilikubali kanuni ya idara ya kazi kwamba mlezi anayekaa na mzee saa 24 anaweza kulipwa saa 13 tu, mradi apewe saa nane za kulala, tano kati ya hizo bila kukatizwa, na saa tatu za kula. Usingizi ukikatizwa na mzee, hesabu inabadilika. Ukikatizwa na mbwa ambaye hayumo katika mpango wa huduma, mlezi anaanzia wapi kudai? Huyu wa kwetu hajawahi hata kuuliza. Anaamka, anadeki, anambadilishia mbwa nepi, analala.

Ndiyo maana nakataa kuliona hili kuwa jambo la hisia za Wamarekani na wanyama wao. Katika nyumba hii kila usiku wa mbwa uliosogezwa mbele ulilipwa na mtu, na mtu huyo hakuwa yule aliyekuwa akiamua.

Fedha nazo zina sauti. Daktari wa kuja nyumbani anadai dola mia kadhaa kwa ziara ya mwisho, na kuchoma mwili ni gharama ya ziada. Kliniki ni nafuu, lakini kliniki ina maana ya ngazi, gari, meza ya chuma, na Babu abaki nyumbani.

Duara na msalaba

Kilichovunja ukimya ni karatasi. Daktari wa mifugo, alipokuja kupima damu, aliwaachia orodha iliyobuniwa mwaka 2004 na Alice Villalobos, daktari wa saratani za wanyama wa California. Ina mambo saba: maumivu na pumzi, hamu ya kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na iwapo siku njema zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama kati ya sifuri na kumi. Ikizidi 35 kati ya 70, mbwa bado ana maisha ya kuendelea nayo kwa matunzo.

Babu alijaza akapata 48. Binti, kwa simu, alipata 41. Daktari ndiye aliyegeuka na kumuuliza mlezi. Mlezi alisita, akamtazama Babu kwanza kuomba ruhusa, Babu akaitikia kwa kichwa. Alipata 24.

Napenda kukaa hapa kidogo, maana ndipo kisa kizima kilipo. Katika kula, wote watatu walitoa alama karibu sawa. Walipoachana ni kwenye usafi na kutembea. Babu alimpa mbwa nane kwa usafi kwa sababu kila asubuhi anamkuta msafi. Hakuwa ameona hata mara moja jinsi usafi ule unavyopatikana: mbwa akiinuliwa saa kumi alfajiri kutoka kwenye mkojo wake, maji ya vuguvugu, kitambaa, poda kwenye kidonda cha pajani, matandiko mapya, yale machafu yakapelekwa chini kabla mzee hajaamka. Mlezi alikuwa akimfichia Babu aibu ya mbwa wake, na kwa wema huohuo akawa amemnyima Babu habari aliyoihitaji kuliko zote.

Daktari akawapa kazi. Kalenda ikabandikwa kwenye mlango wa friji. Siku njema, duara. Siku mbaya, msalaba. Na anayechora ni mlezi, asubuhi, baada ya usiku kwisha. Binti akawa anatumiwa picha kila Jumapili.

Wiki ya kwanza ilikuwa na maduara manne. Ya pili, mawili. Ya tatu ilikuwa na duara moja, siku ambayo jua lilitoka na mbwa akalala kibarazani saa nzima pua ikiwa juu. Baada ya kupata picha ya wiki hiyo binti hakuandika chochote. Ijumaa iliyofuata aliendesha gari kutoka Columbus, mwendo wa saa tano hivi, na hakuna aliyetaja tena majira ya kuchipua.

> Babu alimpa mbwa nane kwa usafi. Hakuwa ameona hata mara moja jinsi usafi ule unavyopatikana.

Kwenye zulia la sebuleni

Wengi wa kwetu hawajui kinachofanyika, na kutojua kunazidisha hofu. Kwanza daktari huchoma sindano ya usingizi chini ya ngozi au kwenye msuli. Dakika chache baadaye mbwa amelala fofofo, hasikii kuguswa. Kisha hunyolewa kipande kidogo cha mguu na dawa iitwayo pentobarbital huingizwa kwenye mshipa. Ni dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno: ubongo unazimika kwanza, pumzi inafuata, moyo mwisho. Huchukua dakika, si saa. Macho hubaki wazi. Huweza kutokea pumzi moja au mbili baada ya moyo kusimama, na mkojo ukatoka. Asiyeambiwa mapema hudhani mnyama amezinduka.

Daktari aliwaeleza yote hayo kabla, na mlezi akaomba arudie ili Babu asikie vizuri. Babu alikaa kwenye kiti chake na mkono juu ya kichwa cha mbwa. Binti alikaa sakafuni. Mlezi alitaka kusubiri jikoni. Babu akamwita jina lake na kumwonyesha nafasi upande wa pili wa zulia.

Nilimuuliza mlezi baadaye kama alijisikia vibaya kwa alama zake 24. Alisema alijisikia vibaya kwa Desemba na Januari.

Huzuni ya namna hii ina watu wa kuipokea. Chuo Kikuu cha Cornell, kilicho Ithaca, kina simu inayopokelewa na wanafunzi wa udaktari wa mifugo kwa waliofiwa na wanyama wao. Hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Ohio State, Columbus, ina wataalamu wa ustawi wa jamii kwa kazi hiyohiyo. Buffalo yenyewe ni mji wa zamani katika mambo haya: chama chake cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa mwaka 1867, na mmoja wa watu wake wa mwanzo alikuwa Millard Fillmore, rais mstaafu wa Marekani. Bado kipo, sasa West Seneca, kikiitwa SPCA Serving Erie County. Huduma zote hizi zinamlenga mwenye mnyama. Mlezi aliyemwinua mbwa kwa taulo majira yote ya baridi hana namba ya kupiga iliyoandikwa kwa ajili yake.

Ardhi ya Februari ilikuwa imeganda, mwili ukapelekwa kuchomwa, na majivu yakarudi ndani ya kisanduku cha mbao. Babu ana mpango nayo. Tangu Septemba 2016 sheria ya New York inaruhusu majivu ya mnyama kuzikwa katika kaburi la mwenyewe, kwenye makaburi yasiyo ya dini na yasiyo ya faida, wasimamizi wake wakikubali. Amemwagiza binti aulize. Watu wa dini nyingi watashtuka, na nawaelewa. Mimi nimeona walivyoishi.

Mstari mmoja kwenye karatasi

Mlezi amebaki kwa Babu. Mzee bado anaamka asubuhi, kinyume na alivyohofia, ingawa anachelewa zaidi. Wiki mbili baadaye kampuni ilileta mpango mpya wa huduma ili usainiwe. Mahali pa mnyama wa nyumbani hapakuwepo, kama hapakuwepo mwanzo, na nyumba ya pili anayofanyia kazi mlezi, ya mama mmoja upande wa Colvin, ina paka wa miaka 17 mwenye kisukari.

Kampuni za ulezi za Buffalo, Louisville na Columbus zinaweza kurekebisha hili bila kungoja bunge. Sehemu ya mnyama iwekwe kwenye kila mpango: yupo au hayupo, umri wake, daktari wake, dawa na saa zake, nani anamtoa nje na anadeki, na muda huo unalipwaje. Na chini yake, kwa maandishi, kwamba hali ya mnyama inapobadilika mlezi ataulizwa, na jibu lake halitahesabiwa kuwa utovu wa nidhamu. Mlezi wa Babu ameniambia atakapokuta nafasi hiyo kwenye karatasi ya mama wa Colvin ataijaza mwenyewe, kwa kalamu, kabla hajavua koti.